Kungoja Katikati ya Ndege Mbili

Kabla sijajua ndege ina milango mingapi, nilikuwa tanboi wa lori la majani chai. Hiyo ni zamani, barabara ya Sigowet ikiwa bado udongo mtupu. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka vituo vya kupima majani, tunapakia magunia, tunapeleka kiwandani. Dereva alikuwa mzee mfupi sana, alikalia mto ndio aone barabara, na akikasirika alipiga honi hata kama mbele hakuna kitu.

Kuna siku mvua ya mawe ilitupata kwenye mteremko kabla ya Kiptere. Lori likakaa. Tulisukuma, tukakata matawi tukaweka chini ya magurudumu, dereva akapiga honi, lori halikujali. Tulipofika kituoni, kina mama walikuwa wamekaa kando ya magunia tangu mchana. Sasa, jani la chai likikaa sana ndani ya gunia linashika joto. Ukiingiza mkono unasikia kama umeingiza kwa uji. Halafu linakuwa jekundu na kiwanda hakilitaki. Mama mmoja alikuwa amemwaga majani yake juu ya turubai, anayageuza kwa mikono yapoe, anarudisha ndani, anamwaga tena. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mlikuwa wapi?"

Dereva akasema, "Tulikuwa njiani, mama."

"Njiani," akasema, na akaendelea kugeuza majani.

Sijui kwa nini naanza na huyo mama. Vijana wa kanisa letu hapa Kapkatet mliniomba niwaandikie habari ya safari za ndege, kwa sababu wengi wenu mnangoja viza, na mlisikia huyu mzee aliwahi kufanya kazi ya tiketi. Basi naandika. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mahali nimekosea, someni vile ningesema. Wakati ninao. Mke wangu, mama Chepkirui, alinitangulia, Chepkirui mwenyewe yuko Nairobi na watoto wake, na nyumbani tumebaki mimi na redio. Redio ndiyo inaongea zaidi.

Kutoka kwa lori nilipata leseni, na kutoka kwa leseni nikapata mama Akinyi. Huyu alikuwa mtu wa upande wa ziwa, baba yake alikuja Kericho kufanya kazi kiwandani na watoto wakakulia hapa. Alikuwa na ofisi ya tiketi mjini, ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Mwili mkubwa, miwani imefungwa kamba, na akicheka meza ilitikisika. Aliniandika dereva wa kupeleka wasafiri Nairobi. Lakini siku isiyokuwa na msafiri nilikuwa nakaa, na mama Akinyi hakuweza kuona mtu amekaa.

"Omera," akaniambia, kwa lugha ya kwao ni kama kusema ndugu yangu, "kama ni kukaa, kaa ukisoma." Akanitupia tiketi kuukuu. Ndivyo nilijifunza.

Sikizeni vizuri hapa. Kutoka kwetu mpaka nchi za mbali, mara nyingi hakuna ndege moja ya kukufikisha. Unapanda ya kwanza, unashuka katika nchi ya watu wengine, unangoja, unapanda ya pili. Wenye ofisi wanaita koneksheni. Pale katikati ndipo safari nyingi zinaharibika, si hewani. Mimi sijawahi kusikia mteja wetu ameharibikiwa hewani. Ni pale chini, kati ya mlango na mlango.

Kompyuta itakwambia saa moja na kitu inatosha. Kompyuta haina goti, haijawahi kubeba mtoto mgongoni. Haijui kwamba mlango wa ndege unafungwa mapema kabla ya ile saa iliyoandikwa, na ukifungwa umefungwa, hata kama ndege bado unaiona kwa kioo imesimama. Haihesabu ile foleni ya kuvua mshipi na viatu. Viwanja vingine ni vikubwa kama kutoka hapa mpaka Litein, unapanda gari moshi ndogo kutoka jengo moja mpaka lingine, na mtu wa mara ya kwanza anaogopa kuipanda kwa sababu haoni dereva.

Mama Akinyi alikuwa na njia yake ya kupima mtu. Hakukuuliza kwanza unaenda wapi. Alikuwa anakwambia, "Hebu enda pale dirishani uniangalizie kama mvua inakuja." Unaenda, unarudi. Yeye anakuangalia unavyotembea. Mguu mzito? Unasimama kusalimia kila mtu aliye kwenye benchi? Unarudi umesahau ulitumwa nini? Na mlango wa ofisi ulikuwa na kibao kimeandikwa sukuma. Aliyefika akavuta, huyo tayari alikuwa ameongezewa muda kabla hajaketi. Kuna mchungaji mmoja alivuta, akavuta tena, akagonga, akaomba tumfungulie. Mama Akinyi akaninong'oneza, "Huyu tumpe nusu siku."

Nilicheka, lakini ndivyo tulivyofanya, na mchungaji alifika.

Wengine walikuwa wagumu. Kulikuwa na mkimbiaji mmoja wa upande wa Bomet, kijana wa mbio ndefu, alienda kukimbia huko ng'ambo. Waliomkatia tiketi hawakuwa sisi. Walimpa muda mfupi kama wa kumeza mate. Ndege yake ya kwanza ikachelewa, akashuka, akauliza geti iko wapi, wakamwonyesha mwisho wa dunia. Akavua koti akafunga kiunoni, akakimbia. Akafika akaingia. Sasa hiyo hadithi ilirudi Bomet kabla ya yeye mwenyewe, na kwa muda mrefu kila mtu aliyekuja ofisini aliniambia, "Kijana wa fulani alipewa dakika chache na hakuachwa."

Nikawa nawauliza, "Na wewe unakimbia kilomita ngapi asubuhi?"

Mtu anajiangalia. Ana tumbo, anauza saruji.

Kwa hivyo shikeni haya. Kama ni mara yako ya kwanza, usikubali chini ya masaa matatu pale katikati, na kama ni wakati wa theluji ongeza. Kama unaingia Amerika, ujue kwamba ule uwanja wa kwanza wa nchi yao ndio wanakukagua paspoti na unachukua begi lako mwenyewe, unalikabidhi tena, hata kama unaendelea mbele. Hiyo inakula muda kama moto. Usichukue ndege ya mwisho ya siku, kwa sababu ukiachwa na ya asubuhi kuna ya mchana, lakini ukiachwa na ya mwisho ni wewe na sakafu. Na safari nzima iwe tiketi moja. Ninyi wa simu mnaona mbili za kampuni mbili ni rahisi, mnabonyeza. Kwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni kazi yao kukutafutia nyingine. Kwa tiketi mbili, yule wa pili anakwambia hakujui. Na begi unatoka kulichukua nje, na kutoka nje unaweza kudaiwa viza ya nchi ambayo hukuwa na shida nayo. Ukishuka, kwanza tafuta geti. Ukishaliona kwa macho yako ndio uende choo. Dawa zako na sweta viwe mkononi, si kwa begi kubwa.

Nilikuwa nataka kusema juu ya kogo Tabutany.

Huyu alikuwa nyanya wa pale Kiptere, binti yake alizaa ng'ambo akamtumia tiketi aende kulea mtoto. Magoti yake yalikuwa mabaya, kiti cha gari langu kilimchukua muda kukipanda. Mama Akinyi akampangia masaa mengi sana pale katikati, asubuhi mpaka jioni. Kogo hakujua Kizungu. Tulimwandikia karatasi ya kuonyesha watu wa uwanja, nikamfunga kitambaa chekundu kwa begi, nikamwombea pale mlangoni kwa sababu hakukuwa na mchungaji. Akafika salama.

Aliporudi nilienda kumchukua. Tulipopita Narok ndipo akaanza kuongea.

"Ile nchi ya katikati," akasema, "wale watu wanakula nini?"

"Kwa nini, kogo?"

"Nilikaa pale tangu asubuhi. Sikuinuka, niliogopa mtu akikalia kiti changu. Watu walipita kama siafu. Hakuna mtu hata mmoja aliniambia karibu. Nikamsalimia mmoja mimi mwenyewe. Unajua alifanya nini? Aliangalia nyuma, aone ni nani namsalimia."

Akacheka mpaka akatoa machozi, akayafuta kwa leso. Mimi nilikuwa naendesha. Halafu akasema, "Nilifikiri labda nimekufa, na pale ndipo watu wanangojea."

Kogo alihadithia hiyo maneno kanisani, sokoni, kwa kila matanga. Huku kwetu mtu akipita karibu na nyumba yako wakati wa chai na usimwite, mtaongelewa, yeye na wewe. Kwa hivyo watu hawakusikia kwamba kogo alifika. Walisikia kwamba alishinda kutwa nzima bila chai, bila salamu, kama mtu aliyefukuzwa kwao. Ndipo wazazi wakaanza kuja ofisini wakiniambia, "Mtoto wangu usimkalishe pale katikati." Walitaka ile fupi. Nikawaeleza mpaka sauti ikaisha. Wengi nikawashinda. Arap Sang sikumshinda.

Arap Sang alikuwa wa rika langu. Tuliingia jandoni pamoja, tukatoka pamoja, na tulipozeeka alikuwa ndiye mtu pekee huku Kapkatet ambaye angeniita mjinga na mimi nikafurahi. Nyumba yake na yangu zinaangaliana, katikati ni chai yake na chai yangu na kijito. Asubuhi alikuwa anatoka, anakohoa kwa nguvu upande wangu, na mimi nakohoa. Hiyo ilikuwa salamu. Ilitosha mpaka saa ya chai.

Alikuwa na kijana mmoja, Kibet. Mama yake Kibet alikufa mapema, wakabaki wawili, na wote walikuwa na vichwa vya jiwe. Kibet alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kutunza wazee wa watu kule, baba yake alimwambia, "Na mzee wako atatunzwa na nani?" Kijana akajibu vibaya. Baba akajibu vibaya zaidi. Siku ya maombi ya kumsindikiza, kanisa zima lilikaa kwenye nyasi pale uani, likaimba, likaongea, mpaka mimi nikawa naangalia saa kwa sababu Nairobi iko mbali, na arap Sang hakutoka ndani ya nyumba. Alifunga mlango. Kibet alipanda gari langu bila kushikwa mkono na baba yake. Ndani ya gari hakuna mwingine aliyepanda, maanake baba asipotoka, nani atathubutu kwenda? Nilimpeleka peke yangu. Pale uwanjani, familia za wengine zimejaa, zinapiga picha, yeye amesimama na begi.

Miaka ikapita mingi. Waliongea kwa simu. Ng'ombe amezaa? Amezaa. Mvua iko? Iko. Basi, salimia watu. Hivyo.

Wakati huo mama Akinyi alikuwa ameshachoka, magoti yake pia, akarudi kwao ziwani akaniachia ofisi. Wateja walikuwa wamebaki wachache, kila mtu anakata tiketi kwa simu yake. Nilikuwa nafungua mlango asubuhi, nakaa, nafunga. Siku nyingine hakuna mtu wa kuvuta wala kusukuma. Kwa hivyo nilifurahi kusikia mlango, mpaka nilipoona ni arap Sang, na nikaona vile koti limemlegea mwilini.

"Ketisha mfupa," nikamwambia.

Akaketi. Akaniambia hospitali walimwambia aite watoto. "Nikawaambia nina mmoja. Wakasema basi muite huyo."

Nilivuta kiti karibu naye. Akaendelea mwenyewe. "Kuna neno nataka kumwambia akiwa mbele yangu. Nimejaribu kwa simu, halipiti. Nikianza naishia kuuliza mvua."

Tukampigia Kibet, nikaweka simu juu ya meza, sauti isikike kwa wote. Kijana akasema anakuja, hata kesho. Nikatafuta. Ilikuwa wakati wa Krismasi, ndege zimejaa, na kule anakotoka theluji ilikuwa inaanguka. Nikapata njia mbili. Moja alikuwa ashuke katikati asubuhi, angoje mpaka jioni, ndio apande ya kuja Nairobi. Nyingine alikuwa na muda mdogo sana, wa kunywa maji na kufunga kamba ya kiatu, na ingemfikisha mapema kidogo.

Nikasema, "Hii ya kungoja. Theluji ikichelewesha ya kwanza, bado ana nafasi. Hii nyingine ikichelewa kidogo tu, ameachwa."

Arap Sang akauliza, "Atangojea wapi?"

"Pale pale uwanjani. Kuna viti."

"Kutwa?"

"Ni benchi tu, arap Sang. Benchi haliumi."

"Pale kogo Tabutany alikaa?"

"Kama pale."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Weri huyu, kijana wangu, alitoka kwangu bila mtu wa kumsindikiza. Mimi ndiye nilimfungia mlango. Na kurudi pia akae kutwa nzima kama mtu asiye na watu? Hapana. Mpatie hiyo ya haraka."

"Arap Sang, niko na hii kazi kutoka wewe ukiwa na meno."

"Na mimi ndiye baba."

Nikainamia simu. "Kibet, umesikia? Mimi nakushauri ile ndefu. Baba yako anataka fupi."

Arap Sang akasogea karibu na simu. Halafu Kibet akasema, "Wacha iwe vile baba amesema. Sitaki kubishana na yeye tena."

Mzee akaangalia dirishani. Alikuwa anatabasamu, jamani. Miaka yote hiyo, hilo ndilo jambo la kwanza walikubaliana.

Mnaweza kumaliza wenyewe. Theluji ilianguka. Ndege ya kwanza ilikaa chini ikiondolewa barafu mabawani, na Kibet alipofika kule katikati alikimbia akakuta geti limefungwa, ndege iko pale kwa kioo. Tiketi ilikuwa moja, kwa hivyo hawakumtupa, walimtafutia nyingine. Lakini Krismasi, viti hakuna. Wakamwambia kesho kutwa.

Nilikuwa nimeshatia mafuta niende Nairobi aliponipigia. Nikaenda nikamwambia arap Sang. Walikuwa wamemweka kitanda karibu na dirisha, ndugu yake mkubwa, arap Rono, amekaa kando yake.

"Ameachwa," nikasema. "Atakuja, lakini si kesho."

Alifunga macho. Nikafikiri atanitukana, ningefurahi. Akauliza, "Sasa ni nani anampa chai?"

Nikasema wanampa, kampuni inalipia chakula. Akaniangalia kama anajua hilo silo aliuliza.

Alikufa siku iliyofuata, mchana, mvua ikiwa karibu kuanza. Nilikuwa pale. Kibet alipopiga simu, wazee walikuwa wameshaketi wakakata shauri, kwamba mtu aliye njiani hapewi habari ya kifo. Mnajua ndivyo tunavyofanya. Atapita vipi huko peke yake na hiyo kichwani? Nani atamshika? Arap Rono akachukua simu kwangu.

"Baba yako amepumzika," akasema.

Nilikuwa nasikia sauti ya kijana, na nyuma yake sauti ya mwanamke akitangaza ndege kwa lugha sijui.

"Mpatie simu, baba mkubwa. Hata kidogo."

"Amelala, weri. Wewe njoo tu."

"Akiamka mwambie anisubiri."

"Njoo," akasema arap Rono, akanirudishia simu bila kuniangalia.

Nikamchukua Kibet Nairobi. Alikuwa mtu mkubwa sasa, ndevu zina mvi kidogo. Watu wale wengine walikuwa wamepokewa na jamaa, na maua ya plastiki, na nyimbo. Yeye alipokewa na mimi. Aliniuliza, "Baba yuko aje?" Nikamwambia, "Watu wa nyumbani wanakungoja." Akaridhika, au alijifanya.

Aliongea sana njiani. Hakuwa mtu wa kuongea. Akaniambia jinsi alivyokaa pale katikati, kutwa na kesho yake, mpaka akajua mfagiaji wa ule upande kwa jina, na yule mfagiaji akawa anamwachia gazeti. Akaniambia alifanya mazoezi ya kuongea na baba yake. Alijua atakavyoanza. Hataanza na mvua. Nikaendesha. Baada ya Narok akanyamaza. Tukapita Bomet. Kabla ya Sotik akasema, "Mzee, simu yako iko na moto?"

"Iko."

"Tangu tutoke Nairobi haijalia."

Nikaangalia barabara.

"Mtu mgonjwa anangoja mtoto wake," akasema, "na hakuna mtu amepiga kuuliza tumefika wapi? Baba angekuwa ameshapiga mara kumi. Angekutukana ukiendesha polepole."

Nikaweka gari kando, pale chai inapoanza. Sikuzima injini.

"Lini?" akauliza.

"Jana mchana."

Alikaa akiangalia mbele. "Nilikuwa nimekaa," akasema. "Jana mchana nilikuwa nimekaa tu pale." Akarudia hivyo mara kadhaa, polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali ameweka kitu.

Kwa hivyo nawaambia, na hii ndiyo sababu niliketi kuandika. Mtu akikwambia kungoja kule katikati ni aibu, mwambie si aibu. Utakaa, hakuna atakayekusalimia, utajiona huna watu. Una watu. Chukua ile ndefu. Na wazazi wanaosoma hii, msiwaonee watoto huruma ya namna hiyo.

Tulimzika arap Sang juu ya kijito, upande wake. Kibet alifanya yote aliyoambiwa. Alitupa udongo, alisimama na watu, aliitikia salamu. Baada ya maombi watu wakaketi kula. Mimi nilikuwa kando kule yalikosimama magari, kwa sababu sikutaka kuketi karibu na kiti ambacho arap Sang angekuwa amekikalia. Kibet akanifuata, koti liko mkononi.

"Lile neno alitaka kuniambia," akasema. "Wewe ulikuwa na yeye. Alikuachia?"

Nilimwambia ukweli. "Nilimwomba aniachie. Alisema si langu."

Akaitikia kwa kichwa. Kutoka kwa hema arap Rono akaita, "Kibet! Wazee wamekaa, ni wewe wanangoja!"

"Nakuja, baba mkubwa," akajibu, bila kugeuka. Akanishika mkono. Halafu akashuka ile njia iliyo katikati ya chai, si kwa haraka, kama mtu anayeenda kuangalia mpaka wa shamba. Majani yalikuwa yamerefuka, hakuna aliyechuma wiki hiyo, yakamfika kiunoni. Nilimwona akivuka kijito. Nilimwona akipanda upande wangu, akapita nyumba yangu, akafika lami.

Hajarudi mpaka leo.